Maua ya kengele Mwankoko: neno "hardy" kwenye pakiti lisikuponze

Leo naweka pembeni alizeti na vitunguu, naingia kwenye maua. Najua wapo watakaosema bwana shamba amekosa kazi ya kufanya, lakini swali limeletwa na watu wanaotaka kuweka hela, tena hela ya mkopo, kwa hiyo linastahili jibu refu.

Kikundi cha vijana watano hapa Mwankoko kinajiandaa kuomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba, fungu la asilimia 4 la vijana. Wanataka kulima robo eka ya maua ya kukata, wawauzie wapambaji wa harusi na sendofu mjini Singida na Dodoma. Ua walilolichagua ni la kengele, lile ambalo wataalamu wanaliita Campanula. Wameliona kwenye simu: la zambarau, jeupe, la pinki, limening'inia shina zima kama vikengele vya kanisani. Kweli ni zuri, sibishi. Kwenye pakiti ya mbegu imeandikwa neno moja la Kiingereza, "hardy", na wao wakalitafsiri kuwa ni gumu, halifi ovyo, kwa hiyo litaliweza jua la Singida.

Tatizo ni kwamba neno hilo halikuandikwa kwa ajili yetu.

"Gumu" kwa nani?

Maua ya kengele yana aina zaidi ya 400 duniani, na nyingi asili yake ni nchi za baridi za kaskazini: Ulaya ya kusini, Uturuki, milima ya Kaukazi. Wanaoyauza kwa wingi zaidi kama maua ya chungu ni Wadenishi. Sasa mtu wa Denmark akisema ua ni gumu, anamaanisha kitu kimoja tu, kwamba ukiliacha nje wakati wa barafu halifi. Linalala chini ya theluji, majira ya joto yakirudi linaamka. Habari za kukaa miezi sita bila tone la mvua, habari za upepo wa Agosti unaokausha hadi nguo zilizoanikwa ndani, yeye hazimhusu.

Sisi wenyewe tuna ndugu wa ukoo huo. Lobelia kubwa ya Mlima Kilimanjaro, ile inayosimama kama mnara juu kabisa huko karibu mita 4,000, ni ya familia moja na kengele. Usiku inafunga majani isigande, asubuhi inafungua. Hiyo ndiyo "hardy" kwa maana ya pakiti. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeishusha aje kuipanda Mwankoko kwenye mchanga wetu kwa kuwa eti ni ngumu. Iko pia kengele halisi ya kwetu, Campanula edulis, inaota nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia mpaka Yemen, na hilo jina edulis maana yake ni kwamba inalika, watu walikula mizizi yake. Nayo ni ya milimani, sehemu zenye ubaridi.

Mwankoko tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sio Dar es Salaam, usiku wa Juni na Julai ni wa kuvaa sweta. Hilo ni jambo jema kwa kengele na nitalirudia. Ila mvua yetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Udongo wa kichanga haushiki maji. Na upepo, jamani, mnaujua. Huu ni mkoa ambao kila ukizungumziwa umeme wa upepo nchini lazima utajwe.

Jambo la siku na saa

Jua, ukame na upepo unaweza kuvipunguza kwa neti, maji na ua wa mabua. Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho na ndicho kingewamaliza hawa vijana: urefu wa mchana.

Wanaolima vitunguu watanielewa haraka. Mnajua kwa nini hapa tunapanda Red Bombay na Mang'ola, hatupandi mbegu ya kitunguu ya Uholanzi? Sio kwamba ya Uholanzi haioti. Inaota vizuri tu, inatoa majani mazuri, lakini haifungi kitunguu. Inasubiri mchana wa saa 15 au 16 ndipo ianze kujaza, na mchana huo hapa hauji. Unabaki na majani ya kukaangia mayai.

Kengele nyingi ziko hivyo hivyo. Mmea unahesabu urefu wa usiku, na ukiona usiku bado mrefu unaendelea kukaa chini kama kabichi changa. Kule Denmark mwezi Juni mchana unapita saa 17. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku yetu fupi kabisa, mwezi Juni, ni kama saa 11 na dakika 50, na ndefu kabisa, Desemba, haifiki saa 12 na nusu. Tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa tu. Hakuna mwezi ambao ua la aina hii litaangalia juu na kusema sasa muda umefika.

Halafu aina ya zamani ya bustanini, Campanula medium ya kawaida, ina sharti la ziada. Ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza majani, kisha lazima upigwe baridi kali ya miezi kadhaa, ndipo mwaka wa pili utoe shina la maua. Baridi yetu ya Julai ya nyuzi 14 au 15 usiku haitoshi. Mtu akipanda mbegu hizo robo eka, atamwagilia mwaka mzima na kuvuna majani kama sukuma wiki, na hata hayo hawezi kuyapeleka sokoni.

Nilipowaeleza hivi, binti mmoja kwenye kikundi aliniangalia akaniuliza, "Kwa hiyo bwana shamba unatukataza?" Nikamwambia hapana mwanangu, nakutajia masharti ya ua lenyewe. Ukiyajua, uamuzi ni wako.

Inawezekana, kwa tuta moja

Wazalishaji wa mbegu walishaliona tatizo hili zamani, wakatengeneza kengele za kukata ambazo hazihitaji kupigwa baridi. Inayojulikana zaidi inaitwa Champion, nayo ni Campanula medium, inatoa shina moja refu lililonyooka na kengele zinazoangalia juu. Kutoka kusia hadi kukata ni kama wiki 15 hadi 18. Ukinunua mbegu ya kengele kwa biashara, uliza swali moja kabla ya rangi na bei: je, aina hii inataka baridi kwanza? Muuzaji asiyejua, mwachie pakiti yake.

Lakini hata Champion bado inataka mchana mrefu, si chini ya saa 14. Dawa yake ni taa. Mashamba makubwa ya Kenya yanayolima maua yanayotaka mchana mrefu yanafanya hivyo kila siku. Ukipita usiku karibu na Naivasha unaweza kuona shamba zima linang'aa kama mji. Sio lazima uwashe usiku kucha. Inatosha kuukata usiku katikati, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8, mmea unadhani usiku umekuwa mfupi. Na sio taa kali, ni mwanga wa kukuwezesha kusoma gazeti kwa shida kidogo.

Watu wakisikia taa wanaogopa bili. Tupige hesabu. Tuta la mita 1 kwa mita 10, taa tano za wati 9 zimening'inizwa kila baada ya mita 2, kimo cha mita moja na nusu juu ya mimea. Hizo ni wati 45. Kwa saa 4 ni uniti 0.18 kwa usiku. Kwa siku 50 ni uniti 9. Ukikadiria shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 3,150 kwa zao zima. Hela ya soda chache. Chukua taa zenye mwanga wa njano-njano, zile nyeupe za bluu acha, na ufunge swichi ya saa ili usiwe unaamka. Asiye na umeme shambani, sola ndogo ya nyumbani inaweza kubeba wati 45. Tafadhali waya upitishe fundi. Tuta lina maji, na umeme hauchagui kijana wala mzee.

Ukianza kuwasha taa mapema mno, mche ukiwa mdogo, unapata kishina cha kimo cha biki chenye kengele mbili. Subiri mche uwe na majani kama 8 yaliyotanuka vizuri ndipo uwashe, na ukishawasha usikatishe mpaka uone vichomozo vya maua.

Msimu na kitalu

Kengele inapenda mchana wa nyuzi 15 hadi 22 hivi. Oktoba na Novemba hapa inagusa 30, shina linalegea na ua linafifia. Kwa hiyo dirisha letu ni moja tu: sia katikati ya Machi, pandikiza mwanzoni mwa Mei mvua ikiwa imekata, washa taa mwishoni mwa Mei, kata Julai. Ukichelewa mwezi mzima umeingia kwenye upepo wa Agosti na joto la Septemba. Uzuri wake ni kwamba Julai watu wameshauza mavuno, harusi zimeanza.

Mbegu zake ni ndogo sana, kama vumbi la ugoro. Usizifukie. Zinataka mwanga ili ziote. Tumia trei zenye mboji iliyochekechwa au kokopiti, changanya mbegu na mchanga mkavu laini ili zisirundikane, zitawanye juu, zikandamize kidogo kwa kipande cha ubao. Usimwagilie kwa kopo hapo juu, zote zitakimbilia kona moja. Weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo, mboji inyonye kutoka chini, kisha funika na nailoni inayopitisha mwanga, mahali penye kivuli. Baada ya wiki mbili hadi tatu utaona kijani kidogo. Hapo toa nailoni taratibu, kwa sababu unyevu ukizidi kinyausi kitapita na trei nzima kwa usiku mmoja. Na sisimizi! Weka miguu ya meza ya kitalu kwenye makopo yenye maji.

Tutani, nafasi ya sentimita 15 kwa 15. Kwa tuta letu la mita 10 za mraba ni miche kama 400. Samadi iwe imeiva kabisa, ndoo mbili kwa mita ya mraba kwenye mchanga wetu sio nyingi. Nyanyua tuta, kwa sababu ingawa inataka unyevu, ikikaa na maji shingoni inaoza. Mbolea ya naitrojeni kidogo kidogo. Ukiijaza CAN kama unalisha mahindi, shina linakuwa nene la maji na linaanguka. Tandaza wavu wa kamba wa matundu ya sentimita 15, ufunge kwenye vigingi, uupandishe kadiri mimea inavyorefuka hadi kimo cha goti na zaidi. Kwa upepo wa hapa bila wavu huo utavuna mashina yaliyopinda kama mundu, na mpambaji hayataki.

Maji ni kama lita 50 kwa siku kwa tuta zima, ndoo mbili na nusu za lita 20, siku za upepo ongeza. Ukiwa na mipira ya matone ni bora, kwa sababu maji yakikaa kwenye maua yanatoa madoa. Kuhusu chanzo, visima virefu vya Mwankoko ndivyo vinavyosaidia kunywesha mji wa Singida, kwa hiyo kwa upande huo tuna bahati. Ila usije ukashawishika kuvuta maji ya Singidani au Kindai. Ni maziwa ya chumvi, utachoma tuta lote. Na kama una kisima chako mwenyewe, yaonje, yapime. Baadhi ya visima vya mkoa huu vina floridi nyingi. Nalitaja hilo kwa sababu kuna wanaotaka kuanza na gladiolasi; hiyo gladiolasi haivumilii floridi kabisa, ncha za majani zinaungua.

Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 weka mchana wa jua kali wiki tatu za mwanzo baada ya kupandikiza. Upande wa mashariki, ambako upepo wa kiangazi unatokea, simamisha ua wa mabua ya mtama au matete, uuache mita 2 au 3 mbali na tuta. Wengi wataniuliza, si tupande alizeti iwe kinga, na yenyewe tuiuze? Kwa maua mengine sawa. Kwa kengele hapana, na sababu ni nyuki.

Nyuki ni rafiki, isipokuwa hapa

Singida ni mkoa wa asali na kwenye alizeti tunawaombea nyuki waje wengi. Kwenye kengele ya kukata ni kinyume. Ua likishachavushwa tu, mmea unajua kazi imeisha, unatoa gesi ya kuivisha, ile ile inayoivisha ndizi, na kengele inasinyaa upesi. Kengele isiyoguswa na nyuki inaweza kukaa kwenye chombo siku nyingi, hata kukaribia wiki mbili. Iliyochavushwa inaanza kunyauka ukiwa bado uko njiani. Kwa hiyo ukipanda ukuta wa alizeti kando ya tuta, umewaita wageni usiowataka.

Kinachosaidia ni kufunika tuta kwa neti ya wadudu maua yanapokaribia kufunguka, na kukata mapema. Kata kengele moja au mbili za kwanza zikiwa zimeanza kufunguka, nyingine zimevimba na kuonesha rangi. Kata alfajiri, na uende na ndoo ya maji hadi tutani. Shina lisikae mkononi unapiga stori. Kijiko kidogo cha dawa ya klorini ya kufulia kwenye ndoo ya lita 20 kinazuia maji yasioze. Yaache sehemu ya baridi usiku mmoja ndipo yasafiri.

Na kwenye basi la Dodoma, kilomita kama 240, angalia yamewekwa karibu na nini. Tenga la ndizi mbivu au maembe likikaa jirani, ile gesi itafanya kazi yake njia nzima. Lipia kiti kama inabidi.

Wadudu wa kuwaangalia ni utitiri mwekundu wakati wa ukavu, vidukari na vithiripi. Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki. Ukilazimika kupiga dawa, tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, soma kibandiko, na piga jioni nyuki wakiwa wamelala, kwa sababu nyuki wa jirani yako ni mtaji wake.

Sasa hela

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Ukitoa njia, tuseme yanabaki matuta ya mita 600. Kwa nafasi niliyosema hiyo ni miche zaidi ya 26,000, inayokomaa yote ndani ya wiki mbili au tatu za Julai. Niliwauliza vijana: mpambaji gani Singida atanunua kengele 26,000 kwa wiki tatu? Kimya. Na wengi wa wapambaji wetu wanatumia maua ya plastiki, wanayafua, wanayakodisha tena wiki ijayo. Mshindani wako wa kwanza ni hilo ua la plastiki. Wa pili ni waridi linaloshuka kutoka Arusha.

Ndiyo maana nasema tuta moja. Miche 400, wewe hesabu utauza mashina 250, kwa sababu kuna yatakayopinda, yatakayoguswa na nyuki, na yatakayochelewa. Gawanya gharama zako zote kwa 250, usigawanye kwa 400. Kwa mfano, na huu ni mfano wa hesabu tu, sio bei ya soko: mbegu, kibali, trei, neti, taa, maji na vibarua vikifika shilingi 300,000, kila shina limekugharimu 1,200 kabla hujapata faida hata senti. Mpambaji akikuambia anatoa 500, umepata jibu lako kabla ya kununua mbegu. Akisema anatoa 2,000 kwa sababu hakuna mwingine mwenye ua hilo mkoani, muombe aweke oda na malipo kidogo ya awali. Neti, trei na taa utazitumia tena misimu inayofuata, kwa hiyo mwaka wa pili hesabu inapungua uzito.

Vibali msivipuuze. Mbegu za nje haziingii tu kwenye bahasha ya posta kwa sababu umelipia mtandaoni. Unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, ambao makao yao makuu yako Arusha, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayotoka mbegu. Njia rahisi kwa mtu anayetaka mbegu kidogo ni kununua kupitia kampuni ya mbegu iliyosajiliwa ambayo tayari inaagiza. TAHA, chama cha wakulima wa mboga, matunda na maua kilichoko Arusha tangu 2004, wanaweza kuwaelekeza nani anafanya hiyo kazi.

Yaliyo magumu kwa maana yetu

Mkopo wa kikundi mimi ningeujenga juu ya maua yanayolijua jua. Selosia, ile yenye kichwa kama upanga wa jogoo, ni ndugu kabisa wa mchicha. Panapoota mchicha, na Mwankoko mchicha unaota hadi kwenye nyufa za ukuta, selosia itaota. Zinia asili yake ni Meksiko, inataka jua kali, ndani ya siku 60 hadi 70 unakata, na ukikata inatoa tena. Gomfrena, yale maua ya mviringo kama vifungo, yana faida ambayo kengele haina: yasipouzika leo, yafunge mafungu, yaning'inize chini juu darini, yakauke, utayauza Desemba yakiwa na rangi ile ile.

Na alizeti yenyewe. Tumeizoea kama mafuta na mashudu hadi tumesahau kuwa ni ua. Ila usikate ile Record ya shambani umpelekee mpambaji. Inamwaga chavua, na chavua ya njano kwenye kitambaa cheupe cha meza ya bibi harusi ni ugomvi. Ziko alizeti za maua zisizo na chavua. Zipande kwa kubana, sentimita 15 kwa 15, kichwa kinatoka kidogo cha kushika mkono mmoja, ndani ya miezi miwili unakata petali zikiwa ndiyo zinaanza kunyanyuka. Sia matuta kwa kupokezana, kila wiki mbili tuta moja, uwe na maua kila Ijumaa. Mpambaji hataki maua mengi siku moja. Anataka uhakika kila wiki.

Kuna aliyeuliza kuhusu ule mti wa maua ya njano yenye umbo la kengele uliopandwa kwenye nyua nyingi mjini. Huo ni Tecoma, sio ukoo huu. Ni mgumu kweli, mgumu kupita kiasi: mbegu zinapeperuka na unasambaa hadi porini kwenye nchi nyingi za Afrika. Na ukikata tawi, maua yanadondoka kabla hujafika stendi. Uache ulipo.

Kikundi kimekubali kupanga upya. Matuta sita ya selosia, zinia na gomfrena kwa kupokezana, mawili ya alizeti ya kukata, yamewekwa upande wa mbali kabisa na tuta moja la kengele lenye taa tano. Binti aliyeuliza kama nawakataza ndiye amepewa tuta la kengele. Ameshaanza kuzungumza na wapambaji wawili mjini kuhusu oda ya Julai. Kwa yeyote mwingine anayetaka kujaribu msimu huu, kibali kinachukua muda, kwa hiyo anza kukifuatilia Desemba, mbegu iwe mkononi Februari. Ikifika Aprili, iweke pakiti ikiwa imefungwa vizuri sehemu kavu na ya baridi, usubiri Machi nyingine.